Mtetemeko wa Jumamosi Saa Kumi

"Wewe uliyesoma, hebu niambie. Kutetemeka kule ni kwake au ni kwetu?"

Mjomba aliniuliza hivyo akiwa ameinamia meza yake ya kazi, sikio limekaribia kuingia ndani ya spika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja, na shahada ya uhandisi wa umeme ambayo hata mwaka ilikuwa haijatimiza.  Nikafanya kile ambacho sisi tuliosoma hufanya tunapokosa jibu: nikajibu kwa swali.

"Kwani tofauti ni nini?"

Akainua kichwa, akanitazama jinsi anavyoitazama simu iliyotumbukia chooni.

"Tofauti ni hii. Kama ni kwetu, nitatengeneza redio. Kama ni kwake, nitapanda basi."

Aliyekuwa akitetemeka, au asiyekuwa akitetemeka, ni rafiki yake wa Arua. Mjomba wangu, mdogo wake mama, aliishi uhamishoni Uganda miaka mingi kuliko aliyoishi nyumbani, na sehemu kubwa ya miaka hiyo alifanya kazi katika chumba cha redio cha hospitali moja ya misheni, pamoja na Mganda mmoja aliyemzidi umri kwa miaka kumi na kitu. Mmoja Mlugbara, mwingine Mbari. Wakakutana katikati kwa Kiswahili, kila mmoja akija nacho kikiwa kimevunjika upande wake. Yule mkubwa ndiye aliyemfundisha mjomba kupiga Mosi, ile lugha ya nukta na vistari, na kutengeneza redio kwa vipande vya redio zilizokufa. Mjomba aliporudi Juba na kufungua karakana yake mtaa wa Hai Mauna, mwenzake alibaki Arua na leseni yake ya redio ya ridhaa. Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi jioni, yule mzee hukaa mbele ya mtambo wake na kupiga salamu kwa robo saa katika masafa mafupi. Anayetaka kumsikia na amsikie. Aliyetaka alikuwa mmoja.

Mjomba hakuwa na kibali cha kurusha mawimbi, kwa hiyo alikuwa msikilizaji tu. Kipindi kikiisha, huchukua simu na kuandika: "Nimekusikia."

Jambo hilo lilinishinda kuelewa.

"Yaani, mjomba, yeye anakutumia salamu kwa mawimbi, anga zima linatikisika, halafu wewe unamjibu kwa meseji?"

"Ndiyo."

"Kwa nini asikupigie simu tu?"

"Hunipigia. Kila Jumatano."

"Na husemaje?"

"Husema ni mzima."

"Basi si imetosha?"

"Imetosha nini? Kwenye simu kila mtu ni mzima. Mama yako alikuwa mzima kwenye simu wiki nzima, kumbe yuko kitandani na dripu mkononi. Mdomo unajua kujipanga. Mkono haujui."

Aliamini kwamba kila mpigaji wa Mosi ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake. Mkono wa rafiki yake, alisema, ulikuwa wa mtu anayekata nyama kwa kisu kikali: nukta fupi, vistari vimenyooka, hakuna kurudia. Ukilegea, yeye atajua kabla ya daktari. Niliona ni imani kama imani nyingine, nikamwambia. Akasema shahada yangu nayo ni imani, tena ina fremu.

Jumamosi ile nilipoulizwa swali ndiyo ilikuwa ya kwanza kwa redio mpya. Redio yake ya zamani, ya kiwandani, ilikufa bati lilipovuja katika mvua za kwanza. Hii alikuwa ameijenga mwenyewe juu ya kipande cha ubao. Koili alikuwa ameizungushia kipande cha bomba la maji. Transista zilitoka kwenye televisheni marehemu. Kikuza sauti alikitoa kwenye redio ya gari lililogongwa, kwa sababu alitaka sauti ya kutosha kujaza chumba. Visikio vya masikioni alivikataa, akisema ni vya vijana wenye siri.

Mle ndani ya kopo la maziwa ya unga ndimo ilimokaa osileta. Kazi yake ni kutetemeka kwa kasi moja tu, mamilioni ya mara kwa sekunde, bila kuongeza wala kupunguza. Wimbi kutoka Arua likiingia, linakutana na mtetemeko huo wa kwetu, na tofauti baina ya hayo mawili ndiyo sauti tunayoisikia: piii, pi, piii. Uzuri wake ni kwamba redio inakuwa rahisi kujenga. Ubaya ni kwamba osileta ikiteleza hata kidogo, sauti nayo inapanda au kushuka, na ukiwa msikilizaji huwezi kujua aliyeteleza ni nani. Ni sawa na kumpima mtu urefu kwa rula ya mpira.

Jumamosi hiyo sauti haikuwa piii. Ilikuwa piyuui, kama mbuzi anayeulizwa jambo asilolipenda. Mjomba alinakili herufi zote nyuma ya daftari, HALI NJEMA MVUA NYINGI, akazitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa garini. Kisha akaandika meseji ndefu kuliko zote nilizowahi kumwona akiandika: "Nimekusikia. Mkono unatetemeka. Unaumwa?"

Jibu likaja palepale: "Mimi mzima kabisa. Wewe je?"

"Unaona," akasema mjomba. "Kabisa. Tangu lini mtu mzima akasema kabisa?"

Mimi nilikuwa na wiki nzima ya kukaa. Asubuhi nilikuwa nikipeleka barua za kuomba kazi katika ofisi za Thongpiny, ambako walinzi wa mageti walinifahamu kiasi cha kuniuliza habari za nyumbani. Mchana nilikuwa karakana. Nikaamua kumwonyesha mjomba kazi ya shahada. Nikamweleza kwamba hilo ni joto. Bati la karakana saa kumi jioni linaweza kukaanga yai, koili inatanuka, osileta inateleza. Nilichora na grafu. Mjomba aliigeuza juu chini, akaisifu mistari yake.

Tuliliweka kopo la osileta ndani ya sanduku la mbao na kulifukia kwa unga wa msumeno kutoka kwa seremala. Kisha, kwa kuwa sikutaka kuamini sikio la mtu yeyote, hata langu, nikatengeneza shahidi. Kwenye ubao wa kompyuta mbovu nilitoa kristali, kijipande ambacho kikipewa umeme hutetemeka kwa kasi moja na hakibembelezeki. Nikaunganisha saketi ndogo iliyougawa mtetemeko wake mara mbili, ukaangukia karibu na pale anapopiga mzee wa Arua. Tukisikia kristali ikiyumba kwenye redio yetu, ni sisi tunaoyumba.

Jumanne tukasikiliza. Piii. Jumatano, piii. Alhamisi mchana, bati likiwa limepamba moto, piii iliyonyooka mpaka nikaona haya kwa furaha.

"Joto," nikasema.

"Joto," akakubali mjomba, na hata akamwambia mteja mmoja kwamba mpwa wake ni injinia.

Jumamosi saa kumi mzee wa Arua akaingia hewani, na mbuzi akarudi. Piyuui, pi, piyuui. Mjomba alinakili mpaka mwisho. Halafu akavuta begi lililokuwa chini ya meza, akaanza kutoa nyaya zilizokuwa ndani yake, moja baada ya moja.

"Unafanya nini, mjomba?"

"Wiki nzima redio ilikuwa sawa. Wewe mwenyewe umeipima. Basi ni kwake."

Mgongo wa mjomba haukuwa mgongo wa kupanda basi mpaka Nimule, na kutoka Nimule mpaka Gulu, na kutoka Gulu mpaka Arua, katika msimu wa mvua. Mara ya mwisho alipofanya safari hiyo alirudi amepinda, akalala chini siku tisa akiwapokea wateja akiwa chali. Shangazi, yaani mkewe, alikuwa ameapa mbele ya watu wa kanisa kwamba safari nyingine ya namna hiyo atamfuata yeye mwenyewe na kumrudisha kwa toroli. Mjomba alijua haya yote. Bado alikuwa anatoa nyaya begini.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Hatukuipima Jumamosi."

"Kwani fizikia ya Jumamosi ni nyingine? Nayo inajiandaa kwenda kanisani?"

 Nikawasha kristali. Dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu mzee wa Arua aage.

Piyuui.

Sijawahi kufurahia kosa namna ile. Mjomba aliweka begi chini taratibu.

"Rudia."

Nikarudia. Piyuui. Na tena sasa, kwa kuwa kristali hailegei wala haizeeki, tulikuwa tunaisikia wazi kasoro yetu: ilikuwa inaruka kwa ghafla, inakaa, inaruka tena. Joto haliruki. Joto hutambaa. Na nyuma ya kila mruko, ukitega sikio, kulikuwa na mngurumo mwembamba kutoka upande wa pili wa ukuta wa mabati. Nzzzz.

Tukatazamana. Kisha sote wawili tukatazama chini ya meza, pale waya mwekundu ulipotoka kwenye betri ya karakana, ukapita kwenye tundu la bati, ukatokomea kwa jirani.

Lazima nieleze kuhusu betri. Mjomba ana paneli ya sola juu ya paa na betri moja kubwa ya lori chini ya meza. Betri hiyo huchaji simu za mtaa, huwasha balbu, huendesha redio. Na jirani yetu, Mganda mwenye saluni, alipohamia pale hakuomba umeme. Alisalimia, akaleta chapati, akapitisha waya. Ndivyo mambo yanavyokwenda kwetu. Mwenye betri ana majirani. Mjomba alikuwa ameuona waya huo kila siku kwa miaka miwili, kwa hiyo alikuwa ameacha kuuona. Na mimi, katika grafu yangu nzuri, sikuwa nimechora jirani.

Jumanne mchana hakuna anayenyolewa. Jumamosi saa kumi, kila mwanamume wa Hai Mauna mwenye kichwa anataka kiwe safi kwa ajili ya Jumapili.

Nilikwenda saluni. Dada wa saluni alikuwa na mtu kitini na wengine wanne benchini.

"Dada, tafadhali zima mashine dakika tano."

"Kuzima?" Alimtazama mtu wa kitini, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja tu. "Na huyu nafanya aje? Nampeleka nyumbani nusu?"

"Dakika tano tu. Redio ya mjomba."

"Ile inalia kama mbuzi? Mimi nilifikiria mzee amenunua mbuzi." Benchi lote likacheka. "Sawa. Mimi nazima. Lakini mwambia mzee, hii kichwa ikipata baridi, yeye ndiye analipa dawa."

Akazima. Nikakimbia kurudi. Mjomba alikuwa ameshika kitasa cha sauti. Piii, ikasema kristali, kwa sauti ya chini, imenyooka. Alipoongeza sauti, ikaanza tena. Piyuui.

Mashine ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na mngurumo. Tulikaa tukiisikiliza redio ikitetemeka peke yake, bila msaada wa jirani.

"Punguza," nikasema. Akapunguza. Ikanyooka. "Ongeza." Ikatetemeka. Tukafanya hivyo mara sita au saba kama watu wanaochezea swichi ya taa, na nikahisi masikio yangu yakipata moto, kwa sababu nilikuwa nimeelewa, na nilipaswa kuelewa wiki iliyopita. Siku zote za kupima nilikuwa nimeweka sauti chini ili nisiwasumbue wateja. Jumamosi mjomba huifungulia mpaka mwisho. Kikuza sauti cha gari kikinguruma kinafyonza umeme mwingi kwa mpigo, betri imezeeka, waya ni mwembamba, volti zinashuka, osileta inayokula kwenye sahani hiyohiyo inayumba, sauti inabadilika. Kila nukta kutoka spika ilikuwa inamsukuma yule aliyeizaa.

"Kwa hiyo," mjomba akasema baada ya kunisikiliza, "redio inatetemeshwa na sauti yake yenyewe."

"Ndiyo."

"Kama mhubiri wetu."

Sikutaka kucheka, kwa sababu kwa kawaida mimi ndiye ninayemsema mhubiri, na yeye ndiye anayenikemea.

Kutoka upande wa pili wa bati ilisikika sauti: "Mzee! Dakika tano yako imekuwa kumi! Kalas, mimi nawasha!"

Suluhisho rahisi lilikuwa kukata waya wa jirani na kununua betri nyingine. Nilipolitaja la kwanza, mjomba alinitazama kana kwamba nimependekeza tumchinje paka.

"Nimwambie nini? Kwamba rafiki yangu anatetemeka kwa sababu yake?"

"Umwambie ukweli."

"Ukweli ni kwamba ana waya na mimi nina betri. Huo ndio ukweli. Tafuta fizikia nyingine."

Nikaitafuta. Osileta tukaitenga kabisa na karakana: tukaipa betri zake ndogo za tochi, sita, ndani ya kopo lake, na diodi ya kushikilia volti mahali pamoja. Isile tena na mtu. Lakini sauti ilipaswa bado kutoka upande wake kwenda kwenye kikuza sauti, na waya wowote unaopeleka sauti unaweza kurudisha fujo. Hapo mjomba ndiye aliyenizidi. Alifungua droo akatoa transfoma ndogo kama punje mbili za njugu zilizoshikana, kutoka simu ya mezani ya zamani. Ina koili mbili zisizogusana. Umeme wa koili moja hauvuki kwenda nyingine. Kinachovuka ni sumaku tu, na sauti imebebwa humo.

"Mkwe na mama mkwe," alisema akiilehemu. "Salamu zinapita. Sahani hazipiti."

Chuo kikuu nilifundishwa jambo hilo kwa saa tatu na milinganyo miwili. Sikumwambia.

Jumatano ilipofika mzee wa Arua akapiga simu kama kawaida, akasema ni mzima, mvua nzuri, mihogo mizuri. Mjomba akasema na yeye ni mzima. Akakata simu, akageuka kwangu.

"Jumamosi tutajua."

Ijumaa jioni tulifanya mtihani wa mwisho. Nilimwomba dada wa saluni awashe mashine bila kumnyoa mtu, akafanya hivyo akiinyanyua dirishani kama mwenge. Mjomba alifungulia sauti mpaka kopo la misumari likaanza kutembea juu ya meza. Kristali ikalia. Piii. Ikakaa palepale, haikupanda, haikushuka, kama msumari uliogongomelewa angani. Mtu aliyekuwa akipita na raksha, yaani bajaji, akasimama kuuliza kama kuna moto.

"Mafi mushkila, hakuna shida," mjomba akampungia mkono. "Ni kisomo hiki."

Jumamosi saa kumi nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nimeondoa joto, nimeondoa jirani, nimeondoa kikuza sauti. Mjomba alikaa, penseli mkononi, daftari wazi. Nzzzz, ikasema saluni, na redio haikujali.

Wimbi likaingia. Sauti ilikuwa safi kuliko nilivyowahi kuisikia, imesimama wima. Nikamgeukia mjomba nikitaka sifa zangu. Hakuwa akinitazama.

Mimi Mosi naijua kidogo, ya kutosha kuokota herufi mbili tatu kila neno. Hata mimi nilisikia. Sauti haikuyumba hata chembe, lakini nukta zilikuja zimejikwaa. Moja fupi, moja ndefu kuliko ilivyopaswa, moja ikaanza ikasita. Katikati ya neno SALAMA, baada ya L, kukawa na kimya kirefu, halafu akarudia L, halafu akaikosea. Yule mtu wa kisu kikali alikuwa anakata kwa kijiko.

Mjomba alinakili yote. Mzee alipoaga, alizima redio, akazima na betri za osileta, jambo ambalo hatukuwa na haraka nalo.

"Sasa ni kwake," alisema.

 Katika maisha yangu nimekuwa na shaka kwa kila kitu: kwa mhubiri, kwa serikali, kwa dawa ya shangazi ya kitunguu saumu. Siku hiyo niliitafuta shaka kwa bidii zote na sikuipata, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeziba kila tundu ambalo ingeingilia. Laiti ningeiacha redio ibaki mbovu, angebaki na kisingizio, na mgongo wake.

Dada wa saluni alichungulia mlangoni, kitambaa cha nywele begani. "Leo mbuzi haijalia. Iko sawa, mzee?"

"Redio ni nzima," mjomba akasema.

Dada akamtazama, akanitazama mimi, akaondoka bila utani, na baadaye akaleta chapati mbili zilizofungwa kwenye gazeti. "Ya njiani," alisema. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu safari.

Shangazi aligomba Jumapili nzima. Usiombe kusikia. Lakini Jumatatu alfajiri ndiye aliyemfunga mjomba kiunoni kwa khanga mbili, akazikaza kwa goti, na kumpandisha kwenye basi la Nimule kama mzigo wa mayai. Siku ya tatu ikaja meseji: "Nimefika. Mzee mzima." Nilikuwa nimeshachafuliwa na imani ya mjomba kiasi kwamba sikuiamini. Kwenye simu kila mtu ni mzima.

Jumamosi iliyofuata saa kumi nilikuwa peke yangu mezani. Niliiwasha redio, nikasubiri. Ilisikika mikono miwili. Wa kwanza ulikuwa mzuri, mtulivu, nikajua si wa mjomba. Halafu ukaja mwingine wa haraka, usio na subira, unaomalizia herufi kabla haijaanza, na nikacheka peke yangu, maana hata bila kujua kusoma ningemtambua. Nilinakili polepole, nikakosa nusu, nikaokota nusu: KUKU WAMEKULA. Hakukuwa na alama ya kuuliza, lakini nilielewa kwamba naulizwa. Nilichukua simu, nikamjibu kwa meseji kwamba wamekula.

Alikaa wiki tatu. Alirudi amenenepa, na debe la njugu, na mgongo ulionyooka kuliko ulipoondoka, jambo ambalo shangazi alilichukulia kama tusi.

"Anaendeleaje?" niliuliza.

"Vizuri."

"Na mkono?"

"Umepona."

"Umeponaje?"

"Dawa."

"Dawa gani, mjomba? Mkono unaotetemeka hauponi kwa wiki moja. Alikuwa na nini? Walimpima?"

"Wewe," alisema akivuta kiti mezani, "unauliza kama polisi wa mpakani. Nipe bisibisi."

Nikampa. Tangu siku hiyo kila Jumamosi mkono wa Arua ukawa ule wa kisu kikali. Nilibaki na nadharia zangu: labda kiharusi kidogo, labda sukari, labda homa. Niliziandika hata pembeni mwa daftari, nikaziorodhesha kwa uwezekano wake.

Karibu miaka miwili ikapita. Nikapata kazi, ya kufunga sola katika zahanati, na safari moja ikanifikisha Arua. Nikaenda kusalimia. Mzee alikuwa shambani. Mkewe alinipokea, akanipa ugali wa muhogo, na nikiwa bado natafuna nilimuuliza kuhusu ule ugonjwa wa mkono.

"Ugonjwa gani, mwanangu?"

Nikamkumbusha. Wiki zile za mvua, mjomba alipokuja.

Mama yule aliweka sufuria chini ili acheke vizuri. Alisema mumewe hakuwa ameugua hata mafua mwaka ule. Alikuwa amemwalika mjomba kwa miaka minne, na kwa miaka minne mjomba alikuwa amejibu kwamba mgongo hauruhusu. Halafu siku moja ikaja meseji kutoka Juba ikimwambia kwamba mkono wake unatetemeka, wakati alikuwa amepiga kama kawaida yake. Akaisoma mara mbili, akakaa akifikiri, kisha akamwita mkewe amletee chai. Jumamosi zilizofuata, mpaka mjomba alipoteremka kwenye basi, alipiga Mosi kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia alikuwa anakunywa chai.